Sahani Aliyoishika Mgeni

Jumatatu, 7 Februari 2011

Naandika yote. Sitaficha kitu, hata kile kitakachoniaibisha mwenyewe. Mwalimu Lyudmila, anayetufundisha fizikia, anasema mtu wa sayansi huandika alichokiona, si alichotamani kukiona. Basi daftari la kijani ni la vipimo, na hilo nitampa asahihishe. Hili la kahawia ni langu, la kupokea yaliyobaki. Yaliyobaki ni mengi kuliko vipimo. Nimeligundua hilo siku ya kwanza tu.

Leo nimeanza mazoezi katika Maabara Namba Nne ya kiwanda cha injini. Kila siku baada ya shule, saa nane mpaka saa kumi na moja. Mji wetu wote wa Tirmantau unakula kwa kiwanda hiki, na nusu ya mji haijui kinachofanyika ndani. Mimi sasa najua. Wanaunganisha titani na titani.

Si rahisi kama inavyosikika. Titani ni metali yenye aina nyingi. Kuna aloi nyepesi ya mapanga ya injini ya ndege. Kuna nyingine, kaidi, inayovumilia joto, ya gurudumu linaloyashika mapanga hayo. Ukizichomelea kwa kuyeyusha, pale zinapokutana panakuwa dhaifu. Kwa hiyo haziyeyushwi. Zinasuguliwa mpaka zing'ae, zinasafishwa, zinalazwa uso kwa uso ndani ya tanuri lisilo na hewa, zinapashwa moto mpaka nyuzi mia tisa, na zinabanwa. Hakuna gundi. Atomi za huku zinahamia kule, za kule zinakuja huku, polepole, na baada ya saa mbili hakuna anayeweza kuonyesha mpaka ulikuwa wapi.

Nimeipenda kazi hii papo hapo. Naona aibu kidogo kuipenda hivyo.

Mkuu wa maabara, Ildus Rafkatovich, alinipa mkono kisha akanisomea kanuni kwa dakika arobaini. Kanuni ya kumi na nne: uso uliokwisha kusafishwa haushikwi kwa mkono mtupu, na mtu yeyote. "Hata mimi," alisema. Alilisema kama mtu anayetoa sadaka kubwa.

Mwisho wa mazoezi nitaandika ripoti ya kurasa kumi. Akiitia saini, nitaweza kuomba nafasi kwenye mkutano wa wanafunzi wa sayansi kule Samara, mwezi wa Aprili. Wilaya yetu inapeleka mmoja. Natumaini. Siandiki zaidi ya hapo.

Jumatano, 9 Februari

Nimewekwa chini ya Minzifa Gabbasovna, msuguaji. Kila mtu humwita Shangazi Minzifa, hata Ildus Rafkatovich, ambaye kichwa chake kimebaki bila unywele mmoja. Miaka thelathini na moja kwenye benchi lile lile. Bado miwili astaafu.

Aliniangalia nikisugua sahani ya titani kwa msasa. Akaniacha kama dakika tano, kwa adabu.

"Unasugua kama unafuta ubao, binti. Msikilize."

"Nimsikilize nani?"

"Sahani. Ikiwa na mikwaruzo bado, inalia kama paka. Ikiwa tayari, inanyamaza."

Nilisikiliza. Ililia kama paka. Baada ya saa moja na nusu ikanyamaza, na nikauona uso wangu ndani yake, pua na yote. Kwenye daftari la kijani nimeandika "kusugua kwa misasa saba, mbaya kwenda laini". Paka nimemwacha huku.

Kostya, mwendesha tanuri, alipita akasema Shangazi amesugua titani nyingi kuliko sufuria zake.

"Sufuria zangu anasugua mume wangu," alijibu bila kuinua macho. "Ndiyo maana hatukaribishi watu."

Uongo mtupu. Wanakaribisha watu kila Jumapili.

Ijumaa, 11 Februari

Jumanne anakuja mgeni! Valeri Arkadyevich, naibu mkuu wa kampuni mama, kutoka Moscow. Yeye ndiye atakayeshuhudia sahani zetu mbili zikiingia tanurini. Kama muungano ukishika vizuri, kiwanda kitapewa kazi ya magurudumu mapya.

Kwa hiyo maabara imeacha sayansi na kuanza usafi. Ukuta wa ukumbi umepakwa rangi upande mmoja, ule wa kulia, kwa sababu mgeni atatembea akitazama kulia. Upande wa kushoto ataoneshwa mgongo wa Ildus Rafkatovich. Theluji ya njiani imekatwa pembe nne kama miche ya sabuni. Choo kimepata kitasa, baada ya miaka mingapi sijui, na ufunguo anao katibu, ili tusikichafue.

Mgeni atabonyeza kitufe cha kuwasha tanuri.

"Tanuri halina kitufe," Kostya alisema. "Linawashwa kwa kompyuta."

"Basi weka kitufe."

"Kiwashe nini?"

"Kiwashe taa," alisema Ildus Rafkatovich. "Ya kijani. Na wewe ukiiona taa, bonyeza kompyuta yako. Kuna ugumu gani?"

Kostya amefunga kitufe kikubwa kama kisosi. Kinawasha taa vizuri sana. Tumekijaribu mara kumi na nane. Vipimo vya ombwe, ile hali ya tanuri kutokuwa na hewa, tumevijaribu mara mbili.

Na mimi sitavaa koti jeupe. Nitavaa gauni la kwetu, lenye shanga na sarafu kifuani, na nitashika bakuli. Nilisema mimi ni mwanafunzi wa mazoezi. Ildus Rafkatovich alisema ndiyo, hasa, vijana na mila.

Jumanne, 15 Februari

Naandika kwa mpangilio, kama daftari la kijani. Nikichanganya nitakasirika.

Shule imenipa ruhusa ya siku moja, na saa nne asubuhi sahani zilikuwa tayari. Shangazi na mimi tulizisafisha mara ya mwisho kwa asidi, kwa maji, kwa asetoni. Glavu mpya. Tukazilaza juu ya kitambaa cheupe, nyuso zake juu, zinang'aa. Kutoka hapo, kwa kanuni ya kumi na tano, zinaingia tanurini ndani ya dakika ishirini.

Saa nne na nusu mgeni hakuwa amefika. Saa tano pia. Saa tano na robo Shangazi alisema zisafishwe tena, akasafisha tena. Saa tano na nusu magari yakaingia.

Nilisimama mlangoni na bakuli. Chak-chak, vipande vya unga vilivyokaangwa na kugandishwa kwa asali, mlima mzima, na pembeni asali nyingine ya kuchovya, ya nyuki wa kaka yake Shangazi Minzifa. Mgeni mheshimiwa hawezi kuingia kwetu bila kuonja. Mkono mtupu, bila kijiko, ndivyo inavyoliwa. Nilikuwa nimepanga vitambaa vya karatasi vyenye nembo ya kiwanda.

Valeri Arkadyevich ni mtu mkubwa mwenye sauti ya kupendeza. Alimega kipande cha ukubwa wa ngumi. Akachovya. Akala. Akasema hajawahi. Akamega kingine. Asali ilimtiririkia mpaka kwenye kifundo, akailamba, akalamba kidole gumba, polepole, mpaka mwisho. Nikamsogezea kitambaa cha karatasi. Akakitazama, akasifu nembo, akakikunja akakitia mfukoni. Kumbukumbu.

"Na wewe, ua letu, unasoma darasa la ngapi?"

"La kumi. Sahani moja nimeisugua mimi, pamoja na Minzifa Gabbasovna."

"Hongera zako." Akanifinya shavu.

Shavu langu lilinata mpaka saa kumi jioni. Naliandika hili kwa sababu ni kipimo.

Kisha akaenda mezani. Sote tulimwona akienda. Alisema, "Hizi ndizo?" na akaichukua ile iliyokuwa karibu. Kwa mkono ule. Aliinua, akajitazama, akajiweka nywele sawa. Gumba lake lilikuwa juu ya uso ule ule tuliousugua siku tatu.

"Kioo kabisa," alisema.

Mpiga picha akamwomba aigeuzie kamera bila kuiachia, abaki hivyo hivyo. Akabaki hivyo hivyo. Akahutubia akiwa ameishika. Alisema metali hizi mbili ni kama watu wetu, kila mmoja na asili yake, lakini zikiungana hakuna wa kuzitenganisha. Walipiga makofi. Kostya, nyuma yangu, alisema taratibu, "Ukizibana saa mbili kwa nyuzi mia tisa." Nilicheka, nikageuza ikawa kikohozi.

Alipoirudisha mezani, Shangazi alishika kitambaa cha asetoni. Chupa ilikuwa karibu na mkono wangu. Ildus Rafkatovich alimshika kiwiko.

"Shangazi. Mgeni bado amesimama."

Kwetu hafagii mtu, haoshi mtu, nyuma ya mgeni. Ukiosha mara tu anapoondoka, ni kana kwamba umemtoa maiti. Na kuosha akiwa bado amesimama mbele yako, mkono wake ungali mtamu — hilo hata jina halina. Shangazi aliweka kitambaa chini. Mimi chupa niliiacha ilipokuwa. Nilikuwa na gauni la sarafu. Hiyo si sababu, najua.

Sahani zikaingia. Mlango ukafungwa. Akabonyeza kisosi, taa ikawaka, Kostya akabonyeza kompyuta. Makofi.

Saa tisa mgeni akaenda uwanja wa ndege. Saa tisa na dakika kumi Shangazi alimwambia mkuu kwamba pampu imechukua muda mrefu kutoa hewa, moto bado mdogo, tanuri linaweza kufunguliwa, sahani zisafishwe, tupoteze saa chache tu.

"Amefika kwake?" aliuliza Ildus Rafkatovich.

"Nani?"

"Mgeni. Ndege imechelewa kwa theluji. Bado yuko njiani. Wewe ungeosha nyumba yako mgeni akiwa njiani?"

Mkuu wetu huyu amesoma Moscow. Ameandika vitabu viwili. Na Shangazi, ambaye ana jibu kwa kila mtu, alirudisha chupa ya asetoni kabatini, kwa sababu yeye pia nyumbani kwake asingeosha.

Jumatano, 16 Februari

Wamefungua. Kitu kizuri sana, kizito, kimoja. Hakuna mstari kabisa ukitazama pembeni. Ildus Rafkatovich ametuma barua Moscow: imefanikiwa. Kipimo cha ndani bado, mashine ya mawimbi ya sauti iko kwenye matengenezo. Barua haikusubiri matengenezo.

Labda haikudhuru. Labda joto limeunguza kila kitu. Natumaini.

Jumatatu, 21 Februari

Picha imetundikwa ukumbini, upande wa kulia. Upana zaidi ya mita moja, fremu ya mbao, kioo. Valeri Arkadyevich anatabasamu, sahani kifuani, gumba lake mbele. Chini yake maandishi ya dhahabu: UBORA UKO MIKONONI SALAMA.

Kila anayepita anaisifu. Mimi pia nilisifu. Nilisema fremu ni nzuri.

Alhamisi, 24 Februari

Mashine imepona.

Mawimbi ya sauti yakipita mahali palipoungana, kompyuta inachora bluu. Yakigonga mahali pasipoungana yanarudi, inachora nyekundu. Tulisimama wanne mbele ya kioo cha kompyuta: Ildus Rafkatovich, Shangazi, Kostya, mimi. Bluu, bluu, bluu. Kisha karibu na pembe ya chini, nyekundu. Umbo la yai. Milimita ishirini na nne kwa kumi na tisa.

Kostya aliinama karibu na kioo.

"Ni umbo la kitu fulani," alisema Kostya.

"Ni kasoro," alisema Ildus Rafkatovich. "Kasoro hazina umbo."

Walikata kipande. Niliruhusiwa kutazama kwa hadubini. Kila mahali chembe za aloi mbili zimeingiliana mpaka raha. Halafu ghafla mstari mweusi, kama ukingo wa mkate ulioungua, na kila aloi imekaa upande wake, haijui kama mwenziwe yupo. Ni kaboni. Kaboni inatoka kwenye mafuta ya ngozi, au kwenye sukari. Hilo limo kwenye kitabu cha darasa la tisa.

Nimeandika kwenye daftari la kijani: "kaboni kwenye mpaka".

Jumatatu, 28 Februari

Tume ya kuchunguza kasoro imekaa. Watu watano, pamoja na mtu wa usalama kazini na mtu wa michezo, kwa sababu mtu wa ubora ni mgonjwa. Chumba chao kinafungukia ukumbini. Wanaosubiri kuitwa hukaa kwenye viti chini ya picha.

Mlango haukufungwa vizuri. Nilisikia. Vumbi? Vichujio vipya. Pampu? Kostya alileta karatasi ya ombwe, safi. Hali ya hewa? Walijadili hali ya hewa robo saa, ndani ya tanuri lisilo na hewa. Kisha mwenyekiti akauliza kama inawezekana mtu aligusa uso.

Kupitia upenyo wa mlango niliona mgongo wa mwenyekiti, na nilipoinua macho, juu ya kiti changu, gumba la Valeri Arkadyevich, kubwa kama andazi.

Walimwita Shangazi.

"Ulivaa glavu?"

"Miaka thelathini na moja."

"Tunauliza siku ile."

"Siku ile imo ndani ya hiyo miaka."

"Usitufanyie mzaha, Minzifa Gabbasovna. Kuna mtu mwingine aliyezishika sahani baada yako?"

Nilishika kiti kwa mikono miwili. Ildus Rafkatovich alikuwa anasoma kitu kwenye kalamu yake.

"Wageni hawahesabiwi," alisema Shangazi hatimaye.

Mwandishi wa tume aliandika, nilimsikia akirudia kwa sauti: hakuna mwingine.

Mimi hawakuniita. Mtoto.

Jumanne, 1 Machi

Nimeleta rula.

Sahani ina upana wa sentimita kumi. Kwenye picha ina thelathini na moja. Yaani picha imekuza mara tatu nukta moja. Gumba kwenye picha limefunika sentimita saba nukta nne kwa tano nukta tisa. Gawanya. Milimita ishirini na tatu nukta tisa, kwa kumi na tisa kamili. Umbali kutoka pembe: ule ule.

Nilirudia mara tatu. Mara ya pili mlinzi alikuja.

"Unafanya nini, binti?"

"Napima picha."

"Pima tu, lakini usiguse kioo. Nakifuta kila asubuhi. Watu hapa hawana adabu, wanaacha alama za vidole."

Nikamwahidi sitaacha.

Nilimpima pia Shangazi, nikamwambia ni kwa ajili ya glavu. Gumba lake ni milimita kumi na tano. Na halina mistari tena. Miaka ya msasa imeifuta yote. Mtu pekee katika jengo zima ambaye hawezi kuacha alama, na ndiye anayetafutwa.

Alhamisi, 3 Machi

Nimemwambia Ildus Rafkatovich. Niliandika hesabu kwenye karatasi safi, nikamwekea mezani. Alizisoma. Alizirudia kwa kalamu yake, kimoyomoyo, midomo ikicheza. Nilimpenda kwa dakika hiyo moja — alikuwa mtu wa sayansi tena. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Wewe ni mwerevu sana, Tansulpan."

Mtu mzima akikuanza hivyo, jua habari njema zimekwisha.

Alisema ripoti ya tume imeshakwenda. Alisema Moscow wametupa nafasi ya pili, sahani mpya mbili, mwezi ujao, na nafasi hiyo imetoka kwa Valeri Arkadyevich mwenyewe, kwa moyo wake mzuri. Sasa yeye amrudishie nini, hesabu za kidole?

"Mmeandika chanzo ni nini?" niliuliza.

"Sababu ya kibinadamu."

"Yeye pia ni binadamu."

Alifikiri. Kweli alifikiri, nilimwona.

"Si kwa maana hiyo," alisema.

Kisha akaniambia ripoti yangu ni nzuri, anasubiri tu ukurasa wa nane, ule wa chanzo cha kasoro. Atatia saini Jumatano saa nne asubuhi, na siku hiyo hiyo fomu za Samara zinaondoka. "Andika kama tume. Maneno matatu. Kurasa tisa zote ni zako, mwanangu, mmoja tu uwape wakubwa."

Karatasi ya hesabu hakunirudishia. Ninayo nakala. Mwalimu Lyudmila alitufundisha kuwa na nakala.

Jumamosi, 5 Machi

Leo ilikuwa siku ya kazi, kwa sababu Jumatatu imeunganishwa na Sikukuu ya Wanawake ya Jumanne. Kwa hiyo tumesherehekewa mapema. Wanaume wa maabara walivaa tai. Kila mwanamke alipewa ua moja la njano, kadi, na kipande cha keki. Ildus Rafkatovich alisoma shairi alilotunga mwenyewe, linalosema mikono ya wanawake ndiyo msingi wa injini za ndege. Lilikuwa na beti sita.

Baada ya ubeti wa sita alimwita Shangazi pembeni akampa bahasha.

Nilidhani ni kadi nyingine. Ni amri. Kwa kosa la maandalizi ya uso, Minzifa Gabbasovna anapewa onyo kali, anaondolewa kwenye benchi, na kuanzia tarehe kumi atakuwa msafishaji wa ukumbi. Asaini Jumatano, saa nne.

Alilikunja lile ua, akalikunja na bahasha, akavitia vyote kwenye mfuko mmoja wa plastiki pamoja na keki.

"Angalau hawajaninyima kusugua," alisema.

Kostya alifungua tai yake mbele ya watu, akaitupa kwenye pipa. Akasema anakwenda kusema sasa hivi. Shangazi akamwambia akae, ana watoto wawili na tai ni moja.

Nilimfuata mpaka kwenye kabati za nguo. Nilimwambia nina hesabu. Nilimwambia kuhusu picha, rula, milimita. Alisikiliza huku anavua koti lake jeupe, kifungo kwa kifungo. Hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua siku ile ile, mwanangu. Nilisikia sahani ilivyogusa kitambaa alipoirudisha. Ilinata."

"Kwa nini hukuwaambia tume?"

"Niwaambie nini? Kwamba nimemlisha mtu asali ya kwetu, halafu nimwite mchafu? Kaka yangu aliitoa kwa heshima asali ile."

"Mimi ndiye niliyeshika bakuli."

"Ndiyo. Na ulilishika vizuri, hukuinamisha."

"Kwa hiyo utasaini?"

Alivaa buti moja. La pili alilishika mkononi muda mrefu.

"Yeye mwenyewe angesema, ingekuwa neno lingine," alisema. "Mgeni akisema mwenyewe, si aibu ya mwenyeji."

Kisha akavaa buti la pili, akanipa keki yake.

Jumapili, 6 Machi

Ukurasa wa nane bado mweupe. Nimekaa nao tangu asubuhi. Nimejaribu "sababu ya kibinadamu" kwa penseli, kuona inavyokaa. Inakaa vizuri. Maneno hayo yanakaa vizuri popote, ndiyo ubaya wake. Nimeyafuta. Yameacha alama.

Nilimwambia mama yote, kuanzia bakuli. Alikuwa anakunja maandazi ya nyama. Alikunja mengi kabla ya kujibu. Alisema Samara ni mara moja maishani, na Shangazi Minzifa ni mtu mzima, amechagua mwenyewe kunyamaza. Halafu akasema, taratibu zaidi, kwamba wakati anasoma shule alikuwa na nafasi kama hiyo na akaandika walichotaka.

"Ukaenda?"

"Nikaenda. Kulikuwa na mvua." Akachukua duara lingine la unga. "Sikumbuki kitu kingine."

Nilingoja aseme nifanye nini. Alinisogezea unga nikunje naye.

Yeye mwenyewe angesema. Sentensi ya Shangazi inanizunguka. Kwa nini nisimuulize? Hakuna aliyemuuliza! Tume imeuliza vumbi, imeuliza pampu, imeuliza hali ya hewa. Mtu aliyeishika sahani hajaulizwa na mtu yeyote, na labda hajui. Labda yuko Moscow anakula chakula cha mchana, mtu mwenye sauti ya kupendeza, hana habari kwamba gumba lake limeandikiwa onyo kwa jina la mwingine. Labda akijua atasema. Watu wengine husema. Natumaini hilo kwa dhati, ingawa nikiliandika naona linavyofanana na kitu kinachosemwa na mtu aliyevaa gauni la sarafu.

Kampuni mama ina tovuti. Ukurasa unaitwa "Uliza Uongozi". Picha yake ipo, wanaahidi anajibu mwenyewe. Kuna kisanduku cha jina, cha umri, na cha aina ya barua, uchague moja: shukrani, pendekezo, pongezi. Swali halimo. Malalamiko hayamo. Nimechagua shukrani, kwa sababu alisema hongera zangu.

Nimeambatanisha hesabu, picha ya ukumbini, na mchoro wa mashine wenye nyekundu, nikatuma. Ukurasa wa nane nauacha wazi mpaka Jumatano. Nikipata jibu, litaingia pale, lolote litakalokuwa, na Ildus Rafkatovich atie saini au asitie. Nisipopata, nitaandika milimita, na Samara nitaitazama kwenye ramani. Nimesema.

Nanakili hapa barua yenyewe, niwe na nakala:

"Mheshimiwa Valeri Arkadyevich. Mimi ni yule mwanafunzi aliyekupokea na bakuli kiwandani Tirmantau tarehe 15 Februari. Nakushukuru kwa kutusifia asali. Sahani uliyoishika haikuungana mahali pamoja, na vipimo nimeambatanisha. Kwa ajili ya mahali hapo Minzifa Gabbasovna, aliyefanya kazi miaka thelathini na moja, anatakiwa kusaini Jumatano saa nne asubuhi kwamba kosa ni lake. Sikulaumu kwa kitu. Sisi wenyewe hatukukuambia, na mimi chupa ya asetoni ilikuwa karibu na mkono wangu. Nahitaji tu kukamilisha ukurasa wa nane wa ripoti yangu, na kipimo kimoja ninakikosa, ambacho unacho wewe peke yako. Tafadhali nijibu kwa njia hii hii, leo au kesho: baada ya kula chak-chak, na kabla ya kuishika sahani, ulinawa mikono?"